Pigo Moja Moja

Manundu, Korogwe
3 Februari 2002

Mjomba wangu Simeo,

Shikamoo. Nakuamkia wewe na mama Kudra, na kuku wenu wote kama kicheche hajawamaliza. Sisi huku tupo. Mvua za vuli zilituonjesha tu zikaondoka, mahindi ya bondeni yamekauka kabla ya kubeba, lakini machungwa yamezidi hadi watu wanayaacha barabarani. Treni ya abiria ndiyo hiyo haipiti tena, pale stesheni sasa wanachunga mbuzi. Mama yupo. Anakula, anasali, anagombana na majirani, kwa hiyo ujue ni mzima, isipokuwa lile rovu la shingoni limekua. Zamani alilificha kwa mtandio. Siku hizi mtandio wenyewe unalizunguka kwa shida.

Haya, sikiliza shida yangu. Nataka nyimbo za mama ziingie kwenye kanda mwaka huu. Zile za Singa Jazz, mlizopiga kwenye holi la shamba la mkonge Jumamosi za mshahara. Hakuna aliyewahi kuzirekodi. Shamba lilipouzwa na bendi ikavunjika, kila mtu aliondoka na chombo chake, na mama akaondoka na sauti yake tu. Naogopa, rovu likiendelea hivi, na hiyo sauti itaondoka.

Pale dukani ninapochapa barua za watu na kadi za harusi, mwenye duka amekubali niibebe kompyuta nyumbani kila Jumapili. Naipakia kwenye mkokoteni nimeifunika khanga mbili. Kipaza sauti nimeazima kwaya. Mama ninaye, nyimbo ninazo, ngoma sina. Fransisko, kijana wa kwaya yetu aliyehamia Dar, ameniletea sidii yenye programu tatu za ngoma. Ni ngoma za ndani ya kompyuta, mjomba, hakuna ngozi wala mti, unabonyeza na sauti inatoka. Mimi ndiyo kwanza naanza, sijui nishike ipi. Ila ukweli wa moyo wangu, nakutaka wewe na tumba zako. Siku mbili tu! Hujakanyaga Korogwe tangu Krismasi ya mwaka juzi, na mama akisikia jina lako anasema, "Anayetaka kuja, njia anaijua."

Tena mwandiko wako umepatwa na nini? Barua yako ya Novemba nilimpa mama asome, akanirudishia akasema hii ni ya mtoto wa darasa la kwanza.

Barua hii nampa Mbaruku, kondakta wa basi la Handeni. Atakuachia kwa muuza chai.

Mpwa wako anayekusumbua,
Loyce

Kang'ata, Handeni
24 Februari 2002

Loyce, mtoto wa dada yangu,

Marahaba. Mbaruku amekaa na barua yako wiki mbili chini ya kiti chake pamoja na dagaa. Nimeisoma huku njaa imenishika. Sisi ni wazima. Kicheche amekula kuku mmoja, lakini huyo alikuwa mkorofi, hatukumlilia. Jirani yangu Tiampati, yule mfugaji, amepata mjukuu wa kike, wamemwita Nemayian. Ng'ombe wake wamekonda, ila furaha ya mjukuu imemnenepesha yeye.

Kuja siwezi. Tunaandaa mashamba na ngedere wa mwaka huu hawana hata haya. Usinisukume. Na mwandiko ni kosa la kalamu. Hizi kalamu za soko huria zinaandika zinavyotaka zenyewe.

Hiyo habari ya ngoma isiyo na ngozi nimeicheka mpaka mke wangu Kudra akaja kuuliza kulikoni. Nikamsomea, naye akacheka. Kisha nikalikumbuka lile holi. Wewe ulikuwa unalala nyuma ya tumba zangu juu ya gunia la singa za mkonge. Nikipiga kofi la nguvu unakunja uso, nikirudi kubembeleza ngozi unalala tena. Mama yako alikuwa na gauni la kijani, anasimama mkono wangu wa kulia, karibu sana, hadi mara nyingine kiwiko changu kinamgusa. Mwanamke yule hakuwahi kuingia kwenye wimbo pale ngoma inapomwita. Anachelewa kidogo, kama mgeni aliyesimama mlangoni anavua viatu. Wapiga gitaa walikuwa wanatetemeka wakidhani amesahau. Mimi sikutetemeka. Nilimjua.

Sasa nieleze hizo programu moja moja zinafanyaje kazi. Ila nikwambie jambo. Mimi sikupewa tumba siku ya kwanza. Mzee Yordani aliyenifundisha alinipa debe la mafuta ya taa, akaniambia nirudi nikishaweza kumchezesha mtoto kwa debe hilo. Mtu anayeanza akipewa vyombo mia, atakuwa mchaguzi wa vyombo, hatakuwa mpigaji.

Msalimie dada. Mwambie njia naijua.

Mjomba wako,
Simeo

Manundu, Korogwe
17 Machi 2002

Mjomba,

Shikamoo, na hongera kwa Tiampati. Mama anasema Nemayian ni jina zuri, ila kwenu huko hakuna jambo linalotokea bila ng'ombe kutajwa. Hapa tumekuwa na mgawo wa umeme, Jumapili mbili mkokoteni umekwenda na kurudi bure. Salamu zako nilizifikisha. Nilipomwambia "njia anaijua" aliinuka akaenda kufagia uwanja uliokwisha fagiwa.

Programu ya kwanza ukiifungua unaona vitufe na mishale kama chumba cha rubani. Ina ngoma za kila nchi, ngoma mia nne! Ni nzito mno, kompyuta yangu inaganda kabla sijagonga hata moja, na maelezo yake ni ya Kijerumani.

Ya pili ni rahisi kama kuwasha redio. Midundo imepikwa tayari, wewe unachagua tu jina. Niliifurahia sana, nikamketisha mama kitandani, magodoro nimeyasimamisha ukutani ili sauti isirudi, nikawasha. Mama akaanza wimbo. Akakatisha. Akaanza tena, akakatisha tena. Kisha akavivua vile vipokea sauti vya masikioni na kuniambia, "Loyce, ngoma hii hainisubiri." Nilijaribu kuibadilisha, haikubali. Imepikwa, haipikwi mara ya pili.

Ya tatu ni ya kimaskini. Inatoa mistari minane tu, na kila mstari una vyumba kumi na sita vya mraba. Kila mstari ni ngoma moja. Ukibonyeza mraba unajaa rangi, na mdundo ukifika hapo ngoma inagonga. Mraba mtupu, kimya. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Fransisko anasema hiyo ni ya watoto, nitaichoka baada ya mwezi. Anataka nipambane na ya kwanza niwe mtaalamu.

Mjomba, mimi sitafuti utaalamu. Nataka mama aimbe. Njoo basi, mahindi mwachie mama Kudra siku mbili, ngedere wanamwogopa kuliko wewe.

Mpwa wako,
Loyce

Kang'ata
9 Aprili 2002

Mpwa wangu,

Marahaba sana. Kuchelewa si kosa langu. Masika imekuja kwa hasira, gari la Mbaruku lililala kwenye tope siku mbili kabla ya Handeni mjini na abiria wakawa ndugu. Mahindi yamesimama vizuri. Kudra amenunua mtumba wa koti la baridi kutoka Segera, lina manyoya shingoni. Analivaa akienda kupalilia na watu wanamwita mzungu.

Nilikuwa sijaelewa vyumba vyako vya mraba hata nilipoigeuza karatasi juu chini. Kudra akanichukulia, akaangalia, akasema, "Si mkeka huu? Ukili mweusi, ukili mweupe, unahesabu mpaka ua linatokea." Basi na mimi nikaona. Mke wangu hajui kompyuta ikoje lakini tangu siku hiyo anasuka huku anagonga ulimi mdomoni.

Chukua hiyo ya tatu. Usimsikilize Fransisko. Mistari minane yatosha, sisi tulichezesha shamba zima kwa tumba tatu, manyanga na chupa ya soda. Chombo cha anayeanza kiwe kidogo, akione chote kwa mara moja, na kimruhusu kukosea na kufuta bila aibu. Kile kilichopikwa tayari kinakufanya mgeni kwenye wimbo wako mwenyewe.

Ila nina swali moja, na jibu likiwa hapana basi tupa zote tatu. Je, pigo linaweza kutoka kidogo nje ya chumba chake? Lichelewe unywele tu? Maana dada yangu haishi ndani ya mraba.

Kuja, mwanangu, siwezi. Barabara umeshaisikia. Na mguu wa Kudra unauma.

Simeo

Manundu, Korogwe
14 Aprili 2002

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako imefika haraka, tangu juzi, nami najibu leo, Mbaruku ananisubiri huku anakula embe kwenye kibaraza. Mpe pole mama Kudra ya mguu, ingawa Mbaruku anasema alimwona juzi anamkimbiza mbuzi.

Jibu ni ndiyo! Nimehangaika Jumapili nzima, nikagundua kuna kitufe kidogo ukikivuta pigo linasogea nyuma. Nililisogeza kidogo sana, nikamwekea mama. Safari hii alifika hadi ubeti wa pili. Kisha akatikisa kichwa. "Sasa inasubiri," akasema, "lakini ni nani huyu? Simjui." Sauti zote za programu hii ni za Ulaya, mjomba. Ni za makopo.

Nami nina neno ambalo mama alinikataza kukuandikia. Namwasi. Daktari amesema rovu linaanza kubana koo, lazima likatwe. Tarehe tatu Juni. Amesema mshipa wa sauti unapita hapohapo nyuma yake, mama atapona, lakini kuimba asitegemee. Mama alimjibu, "Kata tu, nimeimba vya kutosha." Alipofika nyumbani alijifungia chumbani, nikamsikia anaimba taratibu, wimbo mmoja baada ya mwingine, kama anavihesabu vyombo vyake.

Basi nakuomba hivi, kama kweli huwezi kuja. Ile programu inakubali kupokea sauti za nje. Chukua redio kaseti yako na kanda tupu ninayokutumia. Kaa mahali pa kimya. Gonga tumba kubwa pigo moja, katikati ya ngozi. Acha sauti ife kabisa. Gonga tena. Halafu pembeni. Halafu kofi. Kisha tumba ya kati, kisha ndogo. Usipige mdundo, tafadhali, kila pigo liwe peke yake na kimya kirefu baada yake. Mimi nitayaunganisha.

Fanya upesi, mjomba.

Loyce

Kang'ata
8 Mei 2002

Loyce,

Marahaba. Kanda hii hapa. Imefungwa kwenye mfuko wa chumvi, usiiache juani.

Sikuandika mapema kwa sababu habari ya dada ilinilaza kitandani. Sisemi zaidi ya hapo. Nikaamka, nikazitoa tumba uvunguni. Panya walikuwa wameanza kula moja pembeni, haikutoboka. Nikaziwekea moto wa majani ngozi zikaze, nikasikia ile harufu. Harufu ya holi, mwanangu! Nilikaa pale nanusa kama kichaa.

Jumanne asubuhi Kudra akaenda kisimani. Nikakaa nyuma ya nyumba, nikabonyeza redio, nikafuata maagizo yako. Pigo moja. Kimya. Pigo moja. Kimya. Nilifurahi kupita kiasi, nikasahau ninaishi wapi. Maana huku kwetu, ngoma ikigongwa moja moja na kimya katikati, mtu haulizi. Ni msiba. Anatupa jembe, anachukua kuni.

Nilikuwa nimefika tumba ndogo nikasikia mwanamke analia barabarani. Nikageuka. Uwanja umejaa watu! Kuni zimerundikwa, unga umekuja, Tiampati anamvuta beberu kwa kamba na macho yamemjaa machozi. Na Kudra ndiyo anarudi na ndoo kichwani, akaona watu nyumbani kwake, mtu akamwambia, "Pole mama, jikaze." Ndoo ikaenda huko na yeye akaenda huko. Walipomwinua na akanikuta mzima nimekaa na redio, alinipiga kichwani kwa kata ya kubebea ndoo mbele ya waombolezaji wote. Tiampati ndiye aliyeniokoa.

Haya, cheka. Lakini mambo hayakuishia hapo. Mila ya hapa inasema aliyegonga msiba wa uongo lazima aisafishe ngoma. Apige mdundo mzima wa kucheza, kwa mkono wake mwenyewe, masikio ya kijiji yatulie. Asipopiga, nyumba yake inahesabiwa ina nusu ya matanga. Chakula kikapikwa, watu wakala, kisha wakanizunguka. "Piga basi, Simeo. Wewe si ulikuwa mpigaji wa bendi?" Nikawaambia kichwa kinauma, kwa ile kata. Wakangoja. Sikupiga. Wakaondoka mmoja mmoja bila kucheka.

Tangu siku hiyo kila anayepita ananipa pole. "Pole, mzee Simeo." Naitikia. Nifanye nini?

Dada usimwambie kwamba najua habari ya koo lake. Mwambie tu tumba zimemkumbuka.

Simeo

Manundu, Korogwe
26 Mei 2002

Mjomba,

Shikamoo. Mama Kudra shikamoo, na pole ya mshtuko. Barua yako nilimsomea mama, nikiruka tu habari yake, na pale pa kata alicheka mpaka akashika shingo kwa maumivu. Zaidi ya hapo hatuna jipya, machungwa yamekwisha, umeme umetulia kidogo.

Nilipitisha waya kutoka kwenye redio hadi kwenye kompyuta, mapigo yakaingia moja moja, nikayapanga kwenye vyumba vyake. Yalinichukua Jumapili mbili. Tatizo lilikuwa moja. Kwenye pigo la mwisho la tumba ndogo kuna jogoo wako. Kila tumba hiyo ikigonga, jogoo anawika. Nikahangaika kumkata, mwishoni nikatumia pigo jingine kwenye nyimbo zote, lile la jogoo nikaliweka mara moja tu, pale wimbo wa mwisho unapoisha.

Leo ndiyo nimemwekea mama. Alikaa kitandani na lile gauni la kijani kalivaa, mjomba, halifungi tena mgongoni lakini kalivaa. Mdundo ulipoanza aliinua kidole. "Huyo kaka!" Akacheka kama msichana. Kisha uso ukabadilika. Akasema, "Zima."

Nikazima.

"Kofi hili ni la mkono wa kushoto," akasema. "Kaka hakupiga kofi kwa kushoto hata siku moja. Kushoto kulikuwa kwa kubembeleza tu. Nilisimama kulia kwake miaka kumi na tatu, kofi lilikuwa linanipita hapa sikioni. Mkono wake wa kulia una nini?"

Nikamwambia sijui. Akaniambia, "Hujui. Na ile barua ya mtoto wa darasa la kwanza, hujui? Na watu wamemzunguka apige ngoma asipige, kaka yangu huyo, hujui?" Hapo na mimi nikajua, mjomba. Tulilia wote wawili, kipaza sauti kikiwa wazi. Nimekifuta kilio hicho, usiwe na wasiwasi.

Alitaka apande basi kesho. Nilimzuia mlangoni kwa sababu ya tarehe tatu. Akafuta macho, akarudi kitandani. "Washa," akasema. "Amegonga kwa alichobaki nacho. Na mimi nitaimba kwa nilichobaki nacho."

Ameimba nyimbo nne bila kukatisha. Anachelewa kuingia vilevile kama ulivyosema, nami nikadhani amesahau, lakini ngoma zako zilimsubiri.

Niandikie ukweli, mjomba. Si kalamu, si ngedere.

Loyce

Kang'ata
30 Mei 2002

Mpwa wangu,

Salamu zitangulie kwa dada, kabla ya wewe.

Ni kiharusi. Januari ya mwaka jana, nilikuwa nafunga mzigo wa mkaa, mkono wa kulia ukaanguka kama si wangu. Mguu umerudi, mdomo umerudi, mkono haukurudi. Nimejifunza kuandika kwa kushoto, nikiwa mzee hivi, na mke wangu anacheka kila herufi. Nilimkataza asiwaambie ninyi wala majirani, nao wanadhani mkono umechoka kwa uzee tu. Nilijua dada Raheli akiniona hivi hataimba tena maishani, maana angesema na wimbo nao umekufa. Basi nikaona heri anikasirikie. Mtu akikasirika anaimba.

Pigo moja naliweza, mdundo siuwezi. Ndiyo maana ulipoandika "kila pigo liwe peke yake, mimi nitayaunganisha," nilikaa chini nikalia. Sikuwa na mtu wa kumwambia kwa nini.

Mwambie aende hospitali kwa amani. Kudra anamwombea kwa dini yake na mimi kwa yangu, moja itafika.

Mjomba wako,
Simeo

Manundu, Korogwe
7 Julai 2002

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kwa Mungu hakuna haraka, lakini ametujibu. Mama amepona. Rovu limetoka, shingo imekuwa ya msichana isipokuwa kovu, na daktari anamsifu kwa ukaidi. Anaongea kwa kunong'ona, majirani wamefurahi, sasa wanamshinda kwenye ugomvi.

Kuimba hakupo. Juzi alijaribu wimbo wa kanisani, ikatoka pumzi tu. Nilijificha jikoni nisimtazame. Akanifuata, akaninong'oneza, "Unalia nini? Si nimeshaiweka mahali?"

Nimetoa kanda mbili. Moja ni yetu. Nyingine amenipokonya, amesema hawezi kumpa Mbaruku ikalale na dagaa, ataileta mwenyewe. Amenunua vitenge vya mama Kudra na betri mpya za redio. Jumamosi anapanda basi, atabadilisha gari Segera. Safari hii simzuii.

Mimi Jumapili zangu zimekuwa tupu, lakini mkokoteni bado unakuja. Watu wa kwaya wanataka niwarekodi. Fransisko ameuliza kama nimehamia ile programu kubwa. Nimemwambia bado niko kwenye debe.

Mpwa wako,
Loyce

Kang'ata
11 Agosti 2002

Loyce wangu,

Marahaba mara mia. Mama yako bado yuko huku na hasemi atarudi lini. Amenenepa. Yeye na Kudra wananong'ona kutwa, mmoja kwa sababu ya koo na mwingine kwa kumfuata, hata sijui wananisema nini. Tumevuna mahindi, ngedere wamepata haki yao nasi tumepata yetu.

Siku aliyofika hakunisalimu. Alitua mzigo, akauchukua mkono wangu wa kulia akaugeuza huku na huku. Akanong'ona, "Umeukondesha." Akakaa nao mapajani. Kisha akafungua pindo la khanga, akatoa kanda.

Tuliweka redio dirishani, ikitazama barabara, sauti mpaka mwisho. Tumba zikaanza. Mwanangu, ni mimi! Ni mimi yule wa holi, kushoto na kulia. Dada akausogeza mkono wangu akawa anaugongesha gotini kwake, taratibu, akifuata mdundo. Halafu kimya kidogo, kile cha kuvua viatu, na sauti yake ikaingia. Sikuweza kumtazama, naye hakunitazama.

Watu wakaja mbio. Wengine na kuni tena, nyumba hii wameshaizoea! Bibi mmoja alikuja na unga, tayari kwa lolote. Walipofika wakakuta ni ngoma nzima, wakatupa kuni wakacheza. Tiampati akapenya hadi mbele, akatuona tumekaa kwenye kigoda kimoja, kimya. Akauliza, "Nani anapiga? Nani anaimba?" Mimi nikamnyooshea dada kidole, dada akaninyooshea mimi.

Wazee wakabishana. Mmoja akasema mila inataka mkono wa mtu, si redio. Nikasimama nikawaeleza, kwa mara ya kwanza, habari ya mkono wangu. Nikawaambia mapigo yote ni ya mkono huu wa kushoto, ni yaleyale mliyoyasikia siku ile mkaja na kuni, mpwa wangu ameyaunganisha tu. Hapo wimbo wa mwisho ukaisha, na jogoo wangu akawika ndani ya redio. Jogoo mwenyewe, juu ya banda, akaitikia. Kicheko kilichotokea hapo sijakisikia tangu Jumamosi za mshahara, na wazee wakasema yatosha, ngoma imesafika.

Leo asubuhi nilikuwa nimekaa nje na dada tunakunywa uji. Tiampati alipita na ng'ombe wake. Akanisalimu tu, kama watu wanavyosalimiana, akaenda zake. Hakunipa pole.

Mjomba wako,
Simeo